Themostati mpya imegoma: tafuta tatizo kabla ya kununua nyingine

Nyumba nyingi za Marekani, na za Kanada ukiitoa Quebec, hupata joto na baridi kutoka kwenye mashine moja kubwa iliyofichwa chini ya nyumba, darini au katika kijichumba cha korido. Mwenye nyumba anachokiona kila siku ni kile kiboksi cha ukutani tu, themostati. Kuibadilisha mwenyewe ni kazi ndogo mambo yakikaa sawa, na fundi hutoza pesa ya kuja tu hata kabla hajafungua mkoba, kwa hiyo watu wengi hujaribu. Wapo wanaofanikiwa mara moja. Wapo wanaobaki wanatazama skrini nyeusi huku nje theluji inaanguka na watoto ndani wamevaa makoti. Maelezo haya ni ya hao wa pili.

Shika jambo moja kwanza: themostati ni swichi. Ndani ya fanesi, yaani ile mashine ya kupasha joto, kuna transfoma inayoshusha umeme wa volti 120 hadi volti 24. Waya wa R unazileta hizo volti 24 mpaka ukutani. Themostati ikitaka joto inaunganisha R na W. Ikitaka baridi inaunganisha R na Y, na ikitaka feni, R na G. Waya wa C ni njia ya umeme kurudi kwenye transfoma, na ndio unaoiwezesha themostati yenyewe kuendesha skrini na Wi-Fi yake bila kutegemea betri. Ukishaelewa hivyo, utaona kwamba themostati mpya ikigoma, kosa huwa mara nyingi upande wa pili wa waya, kule kwenye mashine, au kwenye mipangilio uliyoipita haraka. Watu huirudisha dukani, wakachukua nyingine, nayo ikagoma vilevile, wakaamini kampuni nzima inauza takataka.

Aliyezoea kufunga umeme wa majumbani Dar es Salaam au Bujumbura, volti 220 au 230 na nyaya nene, huvidharau vinyaya hivi kwa sababu vinafanana na vya spika. Volti 24 hazitakuua, kweli. Lakini R ikigusa C hata kwa nukta moja, fyuzi inakatika, na kama bodi ya fanesi yako, kile kibao cha umeme kilicho ndani yake, ni ya zamani isiyo na fyuzi, transfoma ndiyo inayoungua. Kwa hiyo zima breka ya fanesi, yaani swichi yake kwenye kisanduku kikuu cha umeme, kila unapogusa waya, hata kama ni kukaza skrubu moja.

Hakikisha ni mfumo wa aina hii

Fungua kifuniko cha themostati ya zamani. Ukikuta nyaya mbili au nne nene, zimeunganishwa kwa kofia za plastiki ndani ya kisanduku kama cha swichi ya taa, simama hapo. Huo ni umeme kamili wa volti 120 au 240, wa kuendesha hita za umeme zinazofungwa chini ya madirisha pembezoni mwa ukuta. Nyumba nyingi za Quebec ziko hivyo, kwa hiyo Wakongo na Warundi wa Montréal wanaofuata video za Wamarekani wawe macho: video ile haihusu ukuta wako. Themostati ya volti 24 ikifungwa hapo itaungua na inaweza kuwasha moto. Zipo themostati zilizotengenezwa kwa hita hizo, ila Quebec sheria inataka kazi ya nyaya za umeme wa nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni.

Ukikuta matundu yameandikwa A, B, C, D, kama kwenye mfumo wa Carrier Infinity, pia usiendelee. Hapo themostati na mashine zinazungumza kwa lugha ya kampuni yao, hazifungi na kufungua swichi, na themostati ya kawaida haitaelewana nazo.

Na kama wewe ni mpangaji, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Bodi ya fanesi ikiungua mikononi mwako, atakayelipa ni wewe.

Baada ya hapo piga picha. Nyaya zikiwa bado mahali pake, herufi zikisomeka, mwanga wa kutosha. Kisha nenda kwenye fanesi, vua kifuniko, upige picha ya pili ya bodi, pale nyaya zilezile zinapoishia. Wengi hupiga ya kwanza tu, na nusu ya maswali yatakayofuata hayajibiki bila ya pili. Fuata herufi, usifuate rangi. Mwekundu kuwa R, mweupe W, wa manjano Y, wa kijani G, wa bluu au mweusi C: hayo ni mazoea ya mafundi tu, na fundi aliyekosa waya wa bluu siku ile alitumia wowote uliobaki.

Vifaa: maltimita (kipimo cha umeme) ya bei ndogo, bisibisi ndogo, kikatio cha waya, na fyuzi za gari za ampea 3 na ampea 5. Bila maltimita unabahatisha.

Skrini ni nyeusi kabisa

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina sababu nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo tulia nalo.

Anza na mlango wa fanesi. Ulipokwenda kupiga picha uliuvua, sivyo? Nyuma ya mlango huo kuna kiswichi kidogo cha usalama kinachobanwa na mlango ukiwa umekaa vizuri. Ukikaa upande, hata kwa upana wa kidole, kiswichi hakibanwi na mashine nzima haina umeme. Uvue, uurudishe, uubane mpaka usikie umeingia. Kisha angalia swichi iliyo ubavuni mwa fanesi au ukutani karibu nayo, inayofanana kabisa na ya taa. Kuna mtu huizima akidhani ni ya taa ya darini.

Mashine ikipata umeme, taa ndogo kwenye bodi itawaka au kupepesa. Kama taa inawaka na themostati bado ni nyeusi, tazama fyuzi. Ni ya bapa kama za gari, imechomekwa kwenye bodi: ya zambarau ni ampea 3, ya rangi ya kahawia hafifu ni ampea 5. Ishike kwenye mwanga uone kama kijiwaya cha ndani kimekatika. Kama kimekatika, kuna mahali R iligusa C, na karibu kila mara ni siku ileile ulipobadilisha themostati bila kuzima breka. Weka fyuzi ya ukubwa uleule ulioandikwa kwenye bodi. Kuweka ya ampea 10 kwa kuwa ndiyo uliyo nayo kwenye gari ni kuifanya transfoma iwe fyuzi.

Fyuzi ikiwa nzima, pima. Weka maltimita kwenye volti za AC (hapa ni umeme wa mkondo geu, si kiyoyozi), alama ya V yenye wimbi, usome kati ya R na C pale kwenye bodi. Namba nzuri ni kati ya 24 na 28. Ukipata sifuri na bodi ina umeme, transfoma imekufa au kuna swichi nyingine ya usalama njiani. Ukipata namba nzuri kwenye bodi lakini ukutani, kati ya R na C, unapata sifuri, basi waya umekatika njiani au, na hili ndilo la kawaida, C imeunganishwa upande mmoja tu. Fundi wa zamani aliuacha waya wa bluu ukiwa umeviringishwa ukutani kwa akiba; wewe ukaupenda, ukauchomeka kwenye tundu la C, kumbe kule kwenye fanesi nako umeviringishwa vilevile, haujagusa skrubu yoyote. Ndiyo maana nilitaka picha ya pili.

Sasa sababu inayowachanganya watu wa Texas, Georgia na kwingineko kwenye joto la unyevu: maji. Kiyoyozi kikifanya kazi hutoa maji kutoka hewani, nayo hutoka nje kwa bomba jembamba la plastiki. Bomba likiziba kwa utelezi wa kijani, maji hujaa kwenye sinia na kuinua swichi ya boya, ambayo katika nyumba nyingi imefungwa kwenye waya wa R. Boya likipanda, R inakatwa, themostati inakufa. Ukiwa umebadilisha themostati mwezi wa saba na ikazima wiki ya pili, usiivue. Nenda darini ukaangalie kama sinia limejaa. Yafyonze maji kwa mashine ya kufyonzea iliyowekwa kwenye mdomo wa bomba huko nje, halafu mimina siki kidogo upande wa ndani. Skrini itawaka yenyewe.

La mwisho kwenye kundi hili ni waya wenyewe ndani ya tundu. Ganda la plastiki livuliwe kiasi cha milimita 8 hadi 10. Ukivua kidogo mno, tundu linabana plastiki badala ya shaba. Ukivua mno, shaba ya R inachungulia nje na kugusa jirani yake. Waya uliopinda mwisho kwa kuwa ulikuwa umezungushwa kwenye skrubu ya zamani, ukate upya na uunyooshe. Kisha uvute kidogo. Ukitoka, haukuwa umeingia.

Inawaka, kisha inazima baada ya saa chache au siku chache

Au inalalamika kuhusu betri, au inapoteza Wi-Fi usiku. Hapo umeifunga bila C. Themostati za kisasa zikikosa C huiba umeme kidogo kupitia waya wa W au Y wakati mashine imepumzika, na kwenye nyumba nyingine wizi huo unatosha. Kwenye nyingine hautoshi, na betri yake ya ndani inaisha polepole. Dalili nyingine ya wizi huo ni rilei ya fanesi (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) kulia tiki-tiki-tiki, au fanesi kujiwasha kidogo na kuzima bila kuombwa.

Tazama kwanza nyuma ya kibao cha ukutani. Mara nyingi kebo ina nyaya tano, nne zimetumika na wa tano umekunjwa ndani ya tundu la ukuta. Uvute, uuunganishe na C pande zote mbili, umemaliza, na hujalipa chochote.

Kama kebo ina nyaya nne tu, R, W, Y na G, kuna njia tatu. Ya kwanza ni kifaa cha kuongeza waya. Ecobee huuza chake, Honeywell chake, na Venstar nayo ina chake. Hufungwa kwenye fanesi na kuufanya waya mmoja ubebe kazi mbili. Ya pili ni transfoma ndogo ya volti 24 ya kuchomeka kwenye soketi, waya wake ukapanda ukutani mpaka kwenye themostati. Inafanya kazi lakini waya unaoning'inia sebuleni haupendezi, na si kila themostati hukubali umeme kutoka transfoma mbili, kwa hiyo soma kijitabu chake kwanza. Ya tatu ni kuutoa kafara waya wa G: uhamishie kwenye C ukutani, na kule kwenye bodi uutoe G uuweke C, kisha kwa kipande kifupi cha waya unganisha Y na G kwenye bodi ili feni iwake kila kompresa, ile pampu ya kiyoyozi iliyo nje, inapowaka. Unachopoteza ni uwezo wa kuwasha feni peke yake. Mimi ningechukua hii ya tatu kwa nyumba yenye fanesi ya gesi na kiyoyozi cha kawaida, maana ni bure na haina kifaa kipya cha kuharibika. Usiifanye kwenye pampu ya joto (kiyoyozi kinachoweza pia kupasha joto) wala kwenye fanesi ya umeme. Huko feni inahitaji G yake.

Fyuzi inakatika kila unapoibadilisha

Kuna shoti, na kununua pakiti ya tatu ya fyuzi hakutaiondoa. Zima breka. Toa nyaya zote za themostati kwenye bodi, pamoja na zile mbili zinazokwenda kwenye mashine ya nje ya kiyoyozi, zenye Y na C. Weka fyuzi mpya, washa. Ikidumu, bodi ni nzima. Zima, rudisha R na C za ukutani, washa. Kisha rudisha W, uombe joto. Kisha G, uombe feni. Kisha Y, uombe baridi. Mwisho kabisa rudisha kebo ya mashine ya nje. Waya utakaoiua fyuzi ndio wenye shoti.

Mara nyingi ni ile kebo ya nje. Inapita kwenye nyasi, na mashine ya kukatia nyasi huila ganda lake. Panya na kindi nao hawaioni kama kebo. Shoti ya kebo ya nje haiwezi kuondoka hata ukibadilisha themostati tano.

Joto lipo, baridi hakuna

Subiri dakika tano kabla ya kuhangaika. Themostati nyingi huizuia kompresa kuwaka upya mapema ili isiharibike, na wengine wamezibomoa kuta zao wakati mashine ilikuwa inahesabu tu.

Baada ya hapo nenda nje. Ile mashine ya nje ina breka yake ya volti 240, tofauti na ya fanesi, na kisanduku chake cha kuzimia ukutani karibu nayo. Ulizima vyote kwa uangalifu asubuhi, ukawasha kimoja jioni.

Kama themostati yako ya zamani ilikuwa na R mbili, Rc (ya baridi) na Rh (ya joto), zikiwa zimeunganishwa kwa kipande kifupi cha waya, hiyo ni nyumba ya transfoma moja. Themostati nyingi mpya huunganisha R hizo zenyewe kwa ndani, na utauchomeka waya wako mmoja mahali kijitabu kinapoelekeza. Zisizofanya hivyo zinahitaji kile kijiwaya, jampa, kirudi mahali pake. Bila jampa, upande mmoja unafanya kazi na mwingine umekufa. Kinyume chake, ukikuta Rc na Rh zina nyaya mbili tofauti zilizotoka ukutani bila jampa, huenda kuna transfoma mbili, ya joto na ya baridi. Hapo usiziunganishe, na hakikisha themostati uliyonunua inaziweka mbali.

Ili kujua kama kosa ni la themostati au la mashine, iruke themostati. Zima breka, toa kiboksi ukutani, unganisha waya wa R na wa G, washa. Feni ikivuma, waya na bodi ni vizima. Zima, fanya hivyohivyo R na W kwa joto. Fanesi ya gesi itaanza kwa feni ndogo ya kutoa moshi, kisha itawasha moto, na feni kubwa huchelewa kidogo baada ya moto, usidhani imegoma. Kwa baridi, unganisha R, Y na G pamoja, ila usifanye hivyo kama nje kuna baridi chini ya nyuzi 15 za Selsiasi (60 za Farenhaiti), kwa sababu kompresa inaweza kuumia. Mashine ikifuata amri zako zote bila themostati, basi kosa liko kwenye themostati au mipangilio yake. Isipofuata, irudishe themostati ukutani kwa amani, shida iko kwingine.

Unaomba joto, inapuliza baridi

Hii ni dalili ya pampu ya joto, na karibu kila mara ni mpangilio mmoja tu.

Pampu ya joto ni kiyoyozi kinachoweza kugeuka. Kompresa, yaani Y, huwaka kiangazi na kipupwe, na kinachoamua upande ni vali ya kugeuza inayopata amri kwa waya wa O au B. Kampuni nyingi huipa vali umeme pampu inapopoza nyumba. Hiyo ndiyo O. Rheem na Ruud huipa umeme pampu inapopasha joto. Hiyo ndiyo B. Themostati mpya ina tundu moja lililoandikwa O/B, na humo kwenye mipangilio inakuuliza uchague. Ukichagua vibaya, kila kitu kinafanya kazi vizuri kabisa, kinyumenyume. Ingia kwenye mipangilio, geuza, subiri dakika tano.

Kosa baya zaidi ni kuuambia mfumo kwamba wewe una fanesi ya kawaida wakati una pampu, kwa kuwa neno hilo lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Angalia picha yako: palikuwa na O, B, AUX (joto la msaada) au E (joto la dharura)? Hiyo ni pampu. Mashine ya nje inavuma wakati wa baridi kali pia? Ni pampu.

Tahadhari kwa wenye Trane za zamani: kwenye baadhi yake skrubu ya B ndiyo C yao. Waya huo ukiuingiza kwenye tundu la O/B, utapiga shoti. Tazama bodi waya unakwenda wapi kabla hujaamini herufi.

Na jambo moja si tatizo kabisa. Siku ya baridi kali, pampu hugeuka kwa dakika chache kuyeyusha barafu kwenye mashine ya nje. Mvuke unapanda huko nje kama kuna moto, na ndani hewa inapoa kidogo. Acha, itamaliza. Lakini neno AUX likikaa kwenye skrini siku nzima wakati nje si baridi sana, joto la msaada la koili za umeme linafanya kazi yote na bili itakufuata. Chunguza kama waya wa Y umeingia vizuri. Pampu ikiwa haiwaki, AUX hubeba mzigo peke yake nawe huhisi joto tu, hujui kilichotokea.

Feni haizimi, au haiwaki

Haizimi: angalia kwanza kama imewekwa ON badala ya AUTO. Wengi huishia hapo, wakicheka. Kama ni AUTO, vua waya wa G kwenye themostati, breka ikiwa imezimwa, kisha washa. Feni ikinyamaza, tundu la G au mpangilio una kosa. Ikiendelea kuvuma, G inagusa R mahali fulani kwenye kebo, au rilei ya feni imenata.

Haiwaki unapoomba joto: kwenye fanesi ya gesi, bodi yenyewe ndiyo inayowasha feni, themostati haihusiki. Kwenye fanesi ya umeme, themostati ndiyo inayoamuru. Kuna mpangilio wa kuchagua gesi au umeme. Ukiuacha kwenye gesi huku fanesi ni ya umeme, koili zinawaka bila upepo, zinapata moto kupita kiasi, na swichi ya usalama inazikata. Utaona joto linakuja kidogo, linakatika, linarudi.

Kuwaka na kuzima haraka kwa fanesi ya gesi, kwa upande mwingine, husababishwa sana na chujio la hewa lililoziba. Libadilishe kabla ya kugusa waya wowote.

Namba kwenye skrini si joto la chumba

Weka mkono kwenye tundu la ukuta ambamo kebo inatokea. Ukihisi upepo, themostati inapima hewa ya ndani ya ukuta. Lizibe kwa udongo laini wa kuzibia au kipande cha pamba ya kuhami. Jua la dirishani, taa ya mezani na nyuma ya televisheni hudanganya vilevile. Tofauti ikibaki ileile saa zote, themostati nyingi zina sehemu ya kurekebisha nyuzi chache juu au chini.

Na kabla ya kulaumu kipimo, hakikisha mnaongea vipimo sawa. Nyuzi 68 za Farenhaiti ni 20 za Selsiasi. Mgeni wa kutoka nyumbani akiiweka 25 akidhani ni Selsiasi, atakuta themostati imekataa, au imemshushia mpaka chini kabisa inapoweza kufika. Mkisafiri wakati wa baridi, msiizime. Iacheni kwenye 55 za Farenhaiti ili mabomba ya maji yasigande na kupasuka.

Wi-Fi ikikataa tu, ilhali joto na baridi ni sawa, angalia kama ruta yako inatoa 2.4 GHz. Themostati nyingi haziioni 5 GHz. Hili halina uhusiano na nyaya.

Mambo ya kumwachia fundi

Ukisikia harufu ya gesi, toka nje na watu wote kwanza, simu piga ukiwa nje. King'ora cha kaboni monoksaidi kikilia, vivyo hivyo, usikizime kwa kuwa kinakera. Transfoma iliyoungua mara ya pili, bodi yenye alama ya moshi, na mfumo wa maji ya moto wenye vali nyingi za vyumba vinahitaji mtu mwenye uzoefu. Meko ya gesi ya kuota moto (si jiko la kupikia) yenye swichi ya nyaya mbili nayo haina volti 24. Inajiendesha kwa umeme mdogo mno, chini ya volti moja, na themostati ya Wi-Fi haitapata cha kula hapo.

Ile ya zamani usiitupe bado. Ikae kwenye droo mpaka ile mpya imepita kiangazi kimoja na kipupwe kimoja, maana kuirudisha ukutani ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kujua kosa ni la nani. Siku ya kuitupa, ifungue kwanza. Kama ni ya duara kama zile Honeywell T87 zilizoanza kuuzwa 1953, na ndani kuna kichupa cha kioo chenye tone la fedha linalotembea, hiyo ni zebaki, na haiingii kwenye pipa la taka. Iweke wima kwenye mfuko, usikivunje kichupa, uipeleke kituo cha taka hatari cha mji wako au duka la vifaa vya kupasha joto linalozipokea.